Mshono Kwenye Nyusi

Adhuhuri ile chumba cha majeruhi kilifurika hadi watu wakakaa sakafuni. Daktari alikuwa akipita baina ya vitanda, nguo zake za kijani zimepauka kwa kufuliwa, aliposikia sauti iliyomsimamisha. Ilikuwa ya mwalimu, rafiki yake wa ujanani, aliyekuwa amemshika mama yake mzazi mkono, shati limelowa damu begani, chaki bado imemganda vidoleni. Mama aliteleza kwenye ngazi, nyusi yake ya kushoto ikapasuka.

"Sindano," mwalimu alisema, kisha akajirekebisha. "Samahani. Daktari."

Miaka ilikuwa imepita bila mtu kumwita Sindano. Enzi zile alikuwa mwanafunzi wa udaktari, akijifunza kushona kwa mapaja ya kuku chumbani kwa mwalimu, naye akimshikilia ngozi isicheze na kumtania kwamba mji mzima ni wao tu wanaokula kuku mwenye mishono. Walikuwa chanda na pete. Halafu baba wa mwalimu akafariki ghafla, na wakapoteana.

Mama naye alimtambua. Aliomba tu apakwe gundi ya kubandikia kidonda kama jirani yake wa kitanda cha pili, kwa kuwa sindano haziwezi.

"Gundi ni ya kidonda cha juu juu, mama," daktari alimwambia taratibu. "Jeraha hili limefika kwenye nyama. Nikilibandika juu, ndani litabaki wazi."

Akamchoma ganzi. Ndani alitumia uzi unaoyeyuka. Kwenye ngozi akachagua nailoni nyembamba kama unywele, kila mshono na fundo lake, akianzia kwenye nywele za nyusi ili zisipishane. Mwalimu akauliza kwa nini asitumie wa kuyeyuka kote, maana wanakaa mbali.

"Ule unachelewa kuisha, na usoni unaweza kuacha alama. Huu tunautoa baada ya siku tano. Itabidi umrudishe." Aliyasema hayo ameinamia kazi yake, macho hayainuki.

Mama alipoachwa apumzike, wawili hao wakajikuta koridoni.

"Siku baba alipofariki nilikupigia mpaka simu ikaisha chaji," mwalimu alisema.

Daktari akamweleza kwamba alikuwa kwenye upasuaji, simu imefungiwa kabatini. Alipoishika na kupiga, namba ya mwalimu haikupatikana tena. Mwalimu akakiri kwamba laini ile aliivunja kwa hasira siku ya mazishi.

"Nilikuja kwako," daktari alisema. "Nikakuta kufuli. Jirani akaniambia umehama."

"Ulikuja?"

"Tena si mara moja."

Mwalimu akaegemea ukuta. "Nami miaka yote nasema kazi ilikumeza."

"Ilinimeza kweli. Lakini nilikuja."

Siku ya kutoa nyuzi, mwalimu alifika na shati lililopigwa pasi likanyooka, ananukia sabuni. Daktari naye alikuwa amepaka wanja, jambo ambalo wauguzi hawakulizoea, wakawa wanakonyezana. Nyuzi zikatoka moja moja. Mstari uliobaki ulikuwa mwembamba hata mama akaomba kioo, akakigeuza huku na huku, akadai kwamba hakuwa mzuri hivi hata kabla ya kuanguka.

Mwalimu akakohoa kidogo, akauliza zamu inaisha saa ngapi.

"Leo nimeomba kutoka mapema," daktari alijibu.

Mama akafunga kilemba chake, akachukua mkoba.

"Basi nendeni," alisema. "Mimi nyumbani napajua."