Zamu ya Aliyeliliwa

Ouma alirudi nyumbani mchana wa jua kali bila harufu ya mafuta ya ndege, na hapo ndipo Nereah alipoanza kumtilia shaka mumewe.

Mke wa rubani huijua kazi ya mumewe kwa pua. Ouma alikuwa rubani msaidizi wa kampuni ndogo pale uwanja wa ndege wa Wilson, iliyopeleka abiria na miraa Wajir, Mandera na Lokichoggio. Kila aliporudi kwao Riruta, shati lake jeupe lilinuka mafuta na majani ya miraa. Siku hiyo lilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Hakusalimu. Alipita sebuleni, akalala na viatu vyake, uso ukiwa ukutani.

Kulala mchana kulikuwa jambo la kawaida. Watu wa mtaa jirani wa Kawangware walidhani rubani ni tajiri wa kulala hotelini. Hawakujua kwamba pikapu ya kampuni humpigia honi jogoo bado wamelala, kwamba hulala kwenye hema huko mbali, na akirudi nyumbani anatundika blanketi dirishani ili apate usingizi, huku mtoto wake Audrey akifundishwa kucheza bila sauti. Ratiba ya kazi ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba. Kilichomkera Nereah ni kwamba, kwa ratiba hiyo, Ouma alitakiwa kuwa Wajir hadi kesho yake.

Jioni alimpelekea chai. Kitanda kilikuwa kitupu, na hakuwa amesikia mlango.

Kesho yake Ouma aliingia na begi lake, ananuka mafuta, akauliza kwa nini blanketi lilikuwa dirishani ilhali yeye hakuwepo. Nereah alimwuliza alilala wapi. Akasema Wajir, kama alivyomwambia. Nereah akamtengea chakula, maana mwongo hubanwa na maneno yake mwenyewe akiachiwa muda.

Alimweleza Caren, muuza dagaa wa omena wa mlango wa pili. Caren akacheka hadi akashika kiuno.

"Mama Audrey, mwanaume wa kulala Wajir leo, kesho Loki, unadhani analala na baridi? Hawa wako na bibi kila mahali ndege inatua."

"Lakini siku anayodai alikuwa Wajir alikuja kwangu, si kwa mwingine."

"Basi wewe ndiye wa pembeni."

Kisha Caren akaacha kucheka, kwa kuwa wote wawili walikumbuka kilio.

Mwezi uliopita, mama yake Ouma alikuja Nairobi kwa basi akiwa mgonjwa. Ouma alikuwa amefika Wilson alfajiri alipopata habari hizo, akabadilishana zamu na rafiki yake Kimanzi ili aende kumpokea. Marubani hufanya hivyo mara nyingi, kwa mdomo tu, kikombe cha chai mkononi. Ofisini jina linabaki la yule wa kwanza. Ndege aliyorusha Kimanzi ikagonga mlima kwenye ukungu, ikaungua. Mtu wa kampuni hakwenda kwa Kimanzi. Alikuja Riruta. Nereah akapiga nduru, akaanguka uani, akamlilia Ouma kwa jina lake na jina la baba yake, na wanawake wa ploti nzima wakaitikia.

Walikuwa bado wanalia Ouma alipotokea getini amemshika mama yake mkono.

Yule mama mgonjwa alimzuia mwanawe asikanyage uani. Alisema mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwake hivi hivi. Achinjwe kondoo dume kizingitini kwanza, kwa sababu kilio kimeshaita na lazima mtu aitikie. Nereah alikuwa ameokoka. Alijibu kwa heshima kwamba damu ya Yesu inatosha, akamvuta mumewe ndani kwa mkono. Lakini furaha ilimfanya asahau hata kumshukuru Mungu, wala hakupiga magoti siku ile kumwombea Kimanzi, ambaye ndiye aliyekufa. Jambo hilo lilimwuma baadaye kuliko la kondoo.

Juma moja baada ya Nereah kuzungumza na Caren, Ouma alipangiwa Lokichoggio. Alasiri, Nereah akianua nguo, Audrey alimvuta leso.

"Mami, tunyamaze. Baba amelala."

Blanketi lilikuwa limetundikwa. Nereah hakulitundika yeye. Alisimama kwenye pazia la chumba, na harufu ya majivu mabichi ikamjaa kooni.

"Baba Audrey," alinong'ona, "umerudi saa ngapi?"

"Uliniita." Ilikuwa sauti ya Ouma, lakini ilitoka polepole, kama ya mtu anayejifunza kuitumia.

"Sijakuita."

"Uliniita na jina la baba. Watu wote walisikia."

Na wakati huohuo honi ya pikapu ililia nje, Nereah akageuza shingo bila kugeuza mwili, akamwona kupitia mlango ulio wazi mumewe Ouma akishuka na begi lake begani, safari ikiwa imevunjwa na mvua ya Turkana, akimtania dereva na kumpungia Audrey mkono, na huku akimwona hivyo mbele yake kwa macho yake mawili, nyuma yake, kule gizani kulikotiwa blanketi, alisikia kitanda kikilia chini ya uzito wa mtu anayekaa, anayetafuta sakafu kwa viatu vyake, anayesimama.

Alimbeba mtoto akakimbia.

Jioni ile waliletewa Mama Shivachi, mwombezi wa kanisa la Roho kule Kisumu Ndogo, kanzu yake nyeupe na ngoma ndogo kwapani. Aliimba, akanyunyiza maji, akakemea. Pazia la chumba halikutikisika, wala harufu haikuondoka. Mwishowe akaweka ngoma chini.

"Nimetoa majini mengi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakujiingiza. Mlimkaribisha, na amevaa jina mlilompa."

"Na asipotoka?" Ouma aliuliza.

"Nyumba haina waume wawili, baba. Mmoja atakaa nafasi ya mwenzake. Mleteni mwenye marehemu huyu, amlilie kwa jina lake mwenyewe, amwambie aende kwa waliotangulia."

Mwenyewe alikuwa Ngina, mjane wa Kimanzi. Wakwe walikuwa wamemnyang'anya vyombo hadi kijiko, akahamia chumba cha mabati Laini Saba, mtaa wa kando ya reli. Kampuni ilimpa kazi kama pole: alikaa kwenye meza ya zamu, akipanga nani aruke lini na nani alale wapi.

Alikuja na kitambaa cheusi kichwani. Alisimama kwenye pazia, akavuta pumzi, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Kimanzi," aliita taratibu. "Toka. Hapa si kwenu."

Kitanda kikalia.

"Mwambie aende kwa waliotangulia," Mama Shivachi alinong'ona.

Ngina hakumtazama. "Twende nyumbani," alisema.

Alitoka akashika njia ya Laini Saba, na kila penye dimbwi alipita ukingoni, akiacha nafasi ya mtu wa pili. Harufu ikaondoka naye. Mama Shivachi alikataa sadaka, akasema kazi haikuisha, imehamishwa.

Nyumba ikatulia. Nereah akatubu, akafunga na kuomba, akaanza kulala. Lakini honi ya alfajiri haikupumzika. Ouma akirudi kutoka Mandera alikuta amepangiwa Wajir. Akitoka Wajir, Lokichoggio. Wenzake walilala makwao. Yeye alikonda, macho yakawa mekundu, akaanza kusinzia akila. Alipolalamika ofisini, kwenye meza ya zamu, aliambiwa kwa upole kwamba ndivyo zamu zilivyoangukia.

Asubuhi moja, honi ikiwa imeshalia na ukungu ukiwa bado chini, Nereah alikwenda Laini Saba. Ngina alifungua mlango nusu. Kitambaa cheusi hakikuwepo. Alikuwa amesuka nywele.

"Dada, nimekuja kukuomba. Mume wangu atasinzia angani."

"Wako akiwa kwenu, wangu haji," Ngina alisema, bila ubaya wowote.

"Yule si Kimanzi. Ana uso wa mume wangu."

"Najua ni uso wa nani. Nimeuzoea."

"Ngina, mwogope Mungu."

Ngina aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu ndani, kisha akasogea karibu, akanong'ona kama mtu anayempa rafiki siri ya furaha:

"Wewe ulirudishiwa wako getini, mbele ya watu. Mimi je? Siku wako asiporudi, wangu hataondoka tena."

Nyuma yake, sauti ya Ouma ikauliza ni nani mlangoni. Haikuwa tena ya polepole. Iliuliza kwa wepesi, kwa uchovu mtamu wa mwanaume aliyelala kwake, hata Nereah akakaribia kuitika.

Alitoka mbio hadi kwenye reli. Juu ya mabati, ndege ndogo ilikuwa imeshapaa kutoka Wilson, ikaingia kwenye ukungu, ngurumo yake ikififia upande wa kaskazini. Wachuuzi walimwona mwanamke amesimama katikati ya reli, viganja vyote viwili mdomoni, akimlilia Mungu kimoyomoyo, asije akatamka jina la mtu yeyote.