Kapteni Aljeba wa Redruth

Kila asubuhi darasa la sita la Mwalimu Hosking lilianza na neno moja la hesabu. Mwanafunzi wa zamu alisimama, akaeleza maana ya neno hilo na lilikotoka. Jumatatu ilikuwa zamu ya Tamsin Trevenna, na neno lilikuwa aljebra. Tamsin hakuwa amefungua kamusi hata mara moja, basi akabuni.

"Aljeba alikuwa kapteni, yaani msimamizi, wa mgodi wa bati, hapa hapa Redruth," alisema bila kupepesa macho. "Alipima kina cha mashimo kwa herufi."

Mwalimu Hosking alipiga makofi. Kwake yeye, jambo zuri lisiloanzia Cornwall, mkoa wao huko Uingereza, lilikuwa halijaanza.

Jowan Bray alinyoosha mkono. "Mwalimu, kamusi inasema limetoka kwa Waarabu. Maana yake ni kuunganisha kilichovunjika, kama mfupa."

"Wivu huo!" darasa likamzomea. "Msaliti! Nenda London!"

Jowan ndiye aliyepangiwa kuzungumza mbele ya wazazi siku ya Ijumaa. Mwalimu akampokonya nafasi hiyo, akampa Tamsin aeleze habari za Kapteni Aljeba. Wiki nzima Jowan alikula peke yake, na Tamsin kila alipomwona aligeuzia uso pembeni.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Babu yake Tamsin, mchimbaji mstaafu, alikaa mbele kabisa na tai shingoni. Tamsin alipanda jukwaani. Akisema kweli, babu ataaibika. Akinyamaza, Jowan ataendelea kuitwa msaliti kwa kosa lisilo lake.

"Hakuna Kapteni Aljeba," alisema, sauti ikikatika. "Nilimbuni. Jowan ndiye aliyesema kweli. Nisamehe, Jowan."

Babu akakohoa.

"Lo, mjukuu wangu! Na mimi nimeshawaambia wenzangu kwamba babu yangu alichimba naye!"

Watu walicheka, lakini babu mwenyewe aliinamisha kichwa kwa haya. Mwalimu Hosking hakucheka. Alimwita Jowan jukwaani, akampa mkono mbele ya wote.

"Tamsin alikosa kwa kubuni," alisema, "naye amekuwa jasiri kukiri. Mimi nilikosa zaidi. Kamusi ilikuwa mezani kwangu, sikuifungua, kwa sababu uongo ule ulitusifu. Watoto, habari ikiwasifu, hiyo ndiyo ya kuchunguza kwanza."