Sakafu ya Kifaru

Upepo ulimpuliza kisigino.

Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa, na milango pia. Lakini Kimya, msichana aliyekaa kiti cha nyuma kando ya bibi yake, alihisi upepo ukipita chini miguuni. Akainama kutazama. Pale mguu wa kiti cha bibi uliposhika sakafu, palikuwa na mstari wa vumbi, mwembamba kama uzi. Akaufuta kwa kiatu. Safari iliyofuata, mstari ulikuwa umerudi.

Hakumwambia mtu. Hakuitwa Kimya bure. Kwao walisema ukimkanyaga kidole, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Gari lenyewe waliliita Kifaru. Lilikuwa gari la zamani, pana, lenye magurudumu makubwa ya kupita kwenye matope na mawe. Baba alilitumia kubebea mboga kutoka mashambani. Kila Jumatatu alimpeleka Bibi, mama yake, kliniki kupimwa presha. Na kila mwaka, kabla ya mvua, Baba alijilaza chini ya gari na ndoo ya lami, akapaka koti jipya juu ya koti la mwaka uliopita.

"Makoti tisa!" aliwaambia watu huku akijipiga kifua. "Kifaru hasikii baridi!"

Juu, sakafuni, Mama alikuwa amegandisha zulia nene kwa gundi. Kila Jumamosi alilisugua kwa sabuni na maji mengi mpaka likanukia. Familia nzima iliamini inajua kutunza gari.

Kisha mlango wa nyuma ukaanza kukataa kufunga. Baba akalipeleka gari kwa jirani yao, fundi wa bodi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, na mtaa mzima ulimwita Mama Cheche kwa sababu ya cheche za kuchomea vyuma. Mama, Bibi na Kimya wakafuatana naye, maana siku hiyo walikuwa wanatoka sokoni.

Mama Cheche aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Bawaba ni nzima," alisema. "Mlango hauna kosa. Mwili wa gari ndio umelegea. Hamjaona kitu kingine?"

"Kitu gani? Gari hili ni zima kama yai," Baba alijibu.

Kimya akafungua mdomo, akaufunga kama ule mlango. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Kuna upepo."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Upepo unaingia. Hapo kwenye kiti cha bibi."

Baba alimgeukia kana kwamba kiti ndicho kilichosema.

Mama Cheche akashika pembe ya zulia, akavuta. Lilikuwa zito kama godoro lililonyeshewa. Maji meusi yakachuruzika, na harufu ya uvundo ikawarudisha wote nyuma hatua mbili. Chini ya zulia, bati halikuwa na rangi tena. Lilikuwa la kahawia, limebanduka magamba kwa magamba.

"Sikilizeni," alisema Mama Cheche. Akachukua nyundo ndogo, akagonga karibu na mlango. Ting! "Chuma kizima hulia hivyo." Akagonga katikati. Pu. "Kilichooza hakilii." Akagonga mara ya tatu, na nyundo ikazama mpaka mpini.

Alipoichomoa, Kimya aliona ardhi. Kifaranga kimoja kilikuwa kinapita chini ya gari. Kilisimama, kikatazama juu kwenye tundu, kikaenda zake.

"Jamani!" Mama alipiga ukelele.

"Bibi hukaa hapa?" Mama Cheche aliuliza.

"Hapo hapo," Baba alisema.

Fundi akaushika mkanda wa kiti pale ulipofungwa sakafuni. Akavuta kwa mkono mmoja, bila nguvu, kama mtu anayeng'oa kitunguu shambani. Bolti ikatoka nzima, pamoja na kipande cha bati kikubwa kama kiganja. Akakiweka mkononi mwa Baba.

Baba alikitazama kile kipande, akamtazama mama yake, akakitazama tena. Akakaa juu ya gurudumu lililokuwa chini.

"Juzi nilifunga breki ghafla," alisema polepole. "Mama yangu alikuwa kwenye kiti hiki. Nikamwambia asiogope, mkanda upo."

"Mkanda ulikuwepo," Bibi alisema huku ameshika shavu. "Kumbe ulikuwa umefungwa kwenye biskuti!"

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Lakini lami?" Baba aliuliza. "Makoti tisa?"

"Uliondoa kutu kabla ya kupaka?"

"Niliifunika."

"Basi uliifugia ndani, jirani. Lami ikapata ufa, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Na juu, zulia lilinyonya maji ya sabuni likayashika. Bati lako limelala majini miaka tisa."

Mama aliziba mdomo. "Na mimi najisifu linanukia!"

"Sawa," Baba alisema, akiinuka. "Gongomea bati juu ya tundu, paka puti, yaishe."

"Puti ni ya kulainisha mbonyeo. Haibebi mtu." Mama Cheche aliingia uvunguni, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Ting, ting, ting. "Mshukuru Mungu. Chuma hiki ndicho uti wa mgongo wa gari, na ni kizima. Kingeoza, ningekwambia uliache gari. Lakini mama yako hapandi mpaka nimalize."

Kazi ilichukua siku nane. Kimya alikwenda kila siku, akashika taa, akauliza kwa macho, na fundi akajibu kwa mdomo. Kwanza alitenganisha betri, akatoa viti, zulia, nyaya na tangi la mafuta. Akaweka ndoo ya mchanga karibu, kwa ajili ya moto. Akakwangua lami yote. Kisha akakata bati, na hakusimama mpaka alipofika kwenye chuma cheupe.

"Ukichomea kwenye kutu, kesho panang'oka," alisema. Akachomea bamba jipya la unene ule ule, kidogo hapa, kidogo pale, ili joto lisilipinde. Mahali pa bolti ya mkanda aliongeza bamba nene zaidi. Akapaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini, akaziba maungio, na mwisho akapulizia mafuta mazito ndani ya mihimili yenye uwazi.

Siku ya sita alimwita Baba, aliyekuja na Bibi, akamwonyesha vitundu vinne kwenye kingo za sakafu, vilivyokuwa vimezibwa kwa lami.

"Hivi ni vya kutolea maji. Umemziba Kifaru asikojoe miaka tisa!"

Baba alishika kichwa. Safari hii Bibi alicheka mpaka akatafuta pa kuegemea.

Kisha Mama Cheche akamwagia kioo cha mbele maji. Matone yakaingia ndani kupitia mpira uliopasuka, yakashuka hadi sakafuni. Mpira ukabadilishwa.

Siku ya nane mlango ulifungwa kwa kidole kimoja. Baba aliushika mkanda wa Bibi kwa mikono miwili, akavuta mpaka gari likatikisika. Haukutoka. Mama alitandika mikeka ya mpira isiyogundishwa, inayonyanyuliwa ikaanikwa baada ya mvua. Baba naye alinunua nyundo ndogo ya kukagulia uvungu.

Jumatatu walikwenda kliniki. Bibi alikanyagakanyaga sakafu. "Mke mwenzangu," alimwambia Kimya, "leo tumekalia chuma!"

Baba alifurahi. Alipiga mluzi. Walipofika kwenye mteremko mrefu unaoshuka hadi darajani, aliliachia gari lishuke kwa kasi kama alivyofanya siku zote, na Kimya akashika ukingo wa kiti kama alivyofanya siku zote, tangu alipokuwa mdogo miguu haifiki chini.

"Baba," alisema, kwa sauti iliyosikika gari zima. "Punguza mwendo. Mimi naogopa."