Ukurasa wa Nyuma

— Yule kichanga wa swali la mwisho, kwa dozi niliyompa mimi, saa hizi tungekuwa msibani.

Aliyesema hivyo ni kijana waliyemwita Mrefu, kakaa kwenye ukingo wa mtaro nje ya geti la ukumbi, viatu kavua. Wenzake wakacheka kicheko cha watu waliochoka. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ulikuwa umekwisha robo saa iliyopita, na kila mmoja alikuwa na kidonda chake cha kuonyesha. Mmoja alisema swali la figo lilimtoa jasho. Mwingine akasema afadhali figo kuliko yale mahesabu kumi ya dawa, yaliyopigwa chapa peke yake nyuma ya karatasi ya mwisho.

Kati yao alikuwepo msichana aliyeuza katika duka la dawa la shangazi yake, hata jina lake likamezwa na kazi, wote wakamwita Dawa. Mahesabu hayakumtisha. Alikuwa akimsubiri mchumba wake, fundi cherehani, aliyejulikana kwa Fundi tu. Akatoka huyo, mkoba begani, uso unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

— Mbona mmenuna? Mimi maswali yote arobaini nimeyamaliza. Nimebakiwa na nusu saa nzima, nikawa nang'oa nyuzi kwenye mkono wa shati.

Dawa akahesabu upya kichwani. Maswali yalikuwa hamsini.

Mrefu akafumbua mdomo. Dawa akamkanyaga mguu, ule ule usio na kiatu, akaukandamiza kwa kisigino mpaka mdomo ukajifumba wenyewe.

Fundi alikuwa mtu wa kugeuza kila kitu. Mteja akileta gauni analolisifia, yeye huligeuza ndani nje kwanza, atazame mshono. Siku moja tu hakugeuza, na ndiyo siku hiyo. Kufaulu kulitaka alama arobaini na mbili. Hata angepata zote arobaini, asingefika. Mtihani ule huja mara moja kwa mwaka, na hawamchukui aliyepita miaka ishirini na mitano. Fundi alikuwa nayo hiyo hiyo ishirini na mitano. Karatasi zilishatiwa kwenye bahasha, bahasha zikapigwa lakiri. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miaka miwili walikuwa wamepanga: waende pamoja, warudi wauguzi, waoane. Chuo kilikuwa mbali, safari ya siku mbili, na masomo ni miaka minne. Njiani kurudi nyumbani siku ile, Fundi alimuuliza mbona kimya, akajibu kichwa kinamuuma. Akajiambia atamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho.

Zikapita wiki tatu hivyo. Dukani, katikati ya kumhesabia mtu vidonge, simu ilikuwa ikilia, ujumbe wa Fundi:

"Nesi wangu, pita jioni nikupime mabega. Fomu ya chuo inataka sare mbili nyeupe. Sitaki wenzako wakuzidi."

Naye huandika, "Kuna jambo nataka kukwambia kuhusu mtihani," kisha analifuta herufi moja moja, anapeleka neno moja: "Nakuja."

Shangazi alipoona mtoto anakonda alimbana mpaka akasema yote, na la mwisho likawa kwamba akifaulu peke yake, haendi. Shangazi alikuwa akipanga chupa za dawa ya kikohozi, lebo zote zitazame mbele. Hakubisha. Alisema tu kwamba ukiacha chuo kwa ajili ya mwanaume, kila mtakapogombana atakikuta chuo hicho mezani.

Matokeo yalikuja kwa simu siku ya kazi, saa nne asubuhi. "Umefaulu. Alama 46." Dawa hakuvua hata koti la dukani. Alikwenda mbio mpaka kibandani kwa Fundi, akaikuta simu yake juu ya cherehani, kioo bado kinawaka: "Hukufaulu. Alama 39."

Thelathini na tisa katika arobaini. Moja tu ndiyo iliyomponyoka.

Fundi alikuwa anapiga pasi sare nyeupe, taratibu, anaanza kola. Ya pili ilining'inia kwenye msumari. Dawa akaitazama moja, akaitazama na nyingine. Zote za kike. Zote kiuno chake.

— Zako ziko wapi?

— Sikununua kitambaa changu.

— Na hiki ulikinunua lini?

— Kesho yake ya mtihani.

Dawa akakaa kwenye benchi la wateja.

— Ulijua.

— Mrefu alikuja kuchukua suruali yake jioni ile ile, anachechemea. Nikamuuliza nani kakuumiza. Akataka kunificha, na yule kuficha hajui. Akaishia kunisimulia kisa chote cha kichanga na ukurasa wa nyuma.

— Wiki tatu unaniita nesi, unacheka.

— Na wewe wiki tatu kichwa kinakuuma.

Fundi akaisimamisha pasi pembeni.

— Siendi, akasema Dawa.

— Ndiyo maana sikukwambia. Nilitaka likikutoka neno hilo, nguo ziwe zimeshashonwa.

— Tuwaandikie wa chuo. Tuwaombe.

— Tuwaombe nini? Nageuza magauni ya watu mpaka wanakasirika. Karatasi yangu nikailaza kama kitambaa, nikaipiga kiganja inyooke, nikaondoka.

Akajaribu kucheka, kicheko kikamwishia njiani.

— Miaka minne, Fundi.

— Hesabu najua. Tatizo sikuziona.

Akampa sare, akageukia ukuta mpaka alipoivaa. Kisha akamsimamisha juu ya kigoda, akapiga magoti, pini mdomoni, akaanza kukunja pindo. Chozi la Dawa likamdondokea shingoni. Hakulifuta. Akazitoa pini mdomoni.

— Simama wima. Pindo linakwenda upande.

Dawa akasimama wima.

— Ndani nimeacha akiba ya kitambaa, vidole viwili kila upande. Miaka minne ni mingi, utanenepa. Usimpe fundi mwingine aifungue.

— Nitakuletea wewe.

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei asiyoweza kuipunguza. Akazirudisha pini mdomoni, akaendelea na pindo.