Bakuli la Bi Amne

"Saga mara moja tu, na hayo mafuta usiyatupe," Ulfat alimwambia muuza nyama, akiinua pindo la baibui lake lisiguse sakafu ya soko la Darajani, ambayo asubuhi huwa haina adabu.

Sauti ya mwanamme ikatoka nyuma yake kwenye foleni. "Dada, wenzio wanaomba watolewe mafuta, wewe unayataka?"

Aligeuka na ulimi umeshanolewa. Akamkuta kijana mrefu, shati la buluu limepigwa pasi vizuri, mfuko wa bisibisi begani, na tabasamu la mtu asiyejua kuwa kajitia matatani.

"Nafanya mkate wa nyama. Bila mafuta unakauka."

"Mkate wa nyama nnaujua. Tunapewa kule hotelini Kendwa ninakotengeneza viyoyozi. Tonge moja, maji ndoo nzima."

"Basi hao hawajui. Mkate wa boflo huroweshwa kwa maziwa, bwana, vitunguu na thomu vikakaangwa kwanza, na nyama unaichanganya kwa ncha za vidole. Ukiikanda kama chapati, umeiua."

"Mimi huamini mdomo wangu, si maneno."

"Mdomo wako ushazoea shida, pole yake."

Ukishangaa vipi mtoto wa Bi Amne wa Malindi alitoa namba yake ya simu mbele ya mizani ya nyama, basi jua kwamba hata yeye alishangaa. Kijana yule, jina lake Hamad, alipiga siku ile ile. Akapiga na kesho yake. Ikawa haupiti mchana bila "Habibi, ushakula?" na "Nshakula, wewe je?" Na kila akirudi mjini kutoka kazini hupita barazani kwao, kanzu nyeupe, kofia imekaa upande kidogo, akimsalimu Bi Amne kwa heshima zote huku macho yakimtafuta mwengine.

Mwisho Ulfat aliupika ule mkate. Aliutia kotmiri na mayai ya kuchemsha katikati, akaupaka juu rojo la tungule na ukwaju, akauacha upoe kabla ya kuukata ili usitoe maji yake. Kisha akauweka kwenye bakuli la mama yake, lile jeupe la maua ya waridi, akampa Hamad aende nalo.

"Roho yangu, nimelamba mpaka bakuli," alisema Hamad kwenye simu. "Wallahi nimeharibika. Chakula chengine hakipiti tena."

Baada ya hapo, Hamad hakupita tena barazani.

Unguja, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Lakini pia hakikai. Utakirudisha kesho au keshokutwa, na ndani utie chochote, hata ndizi mbili. Bakuli likikaa, watu huuliza lina nini. Ulfat naye akawa anajiuliza.

"Hamad, bakuli la mama."

"Lipo."

"Najua lipo. Lipo wapi?"

"Mahali pazuri. Hebu niambie, maziwa ya kurowesha boflo ni ya moto au baridi?"

"Maziwa? Mimi nakuuliza bakuli, wewe wanambia maziwa?"

"Basi, mpenzi, basi. Ntakupigia."

Alibaki ameishika simu, hajui acheke au alie. Kama hanitaki, aliwaza, mbona ananiita mpenzi? Na kama ananitaka, mbona haji?

"Ulfat!" Bi Amne aliita kutoka jikoni.

"Naam, mama."

"Bakuli langu silioni. Na wale watu wa Anuar Ijumaa wanataka jibu la posa yao. Nikisema hapana, niwape sababu gani?"

Ulfat angesema nini? Kwamba anamngoja mtu aliyeshindwa hata kurudisha bakuli?

Shoga yake Riyama ndiye aliyemmaliza kabisa. Alikwenda Jang'ombe kuagiza keki kwa Kazija, mtalaka mzuri anayepika keki za harusi, akarudi macho yamemtoka. "Bakuli lenu nimeliona kwake! Nimeligeuza mwenyewe, chini lina ile alama ya rangi ya kucha aliyotia mama'ko lisipotee shughulini. Na Hamad wako anakaa nyumba ya pili kutoka hapo."

Ulfat alijitupia baibui na mtandio wa manjano, ambao hata haukuoana na viatu, akaenda Jang'ombe. Alipiga hodi kwa nguvu kuliko inavyopasa. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya nyama iliyoungua ilimtangulia Kazija kutoka nje.

"Wewe ndiye Ulfat?" Kazija alimshika mkono. "Alhamdulillahi! Mchukue mtu wako! Hana oveni, kaigeuza yangu madrasa. Keki zangu zinanuka thomu, jana bibi harusi kanirudishia!"

Jikoni alisimama Hamad, kavaa aproni ya maua ya Kazija, nyama mpaka viwikoni. Bakuli la Bi Amne lilikuwa juu ya kabati, safi, limefunikwa kanga.

"Ulfat," alisema, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Halua zimekwisha mjini, Hamad? Ungetia halua, ukalirudisha."

"Halua kila mtu hununua. Shangazi Sichana keshakuja kutoka Tumbatu, yuko kwangu anakula mikate yangu mibovu. Nilitaka aingie kwenu na kitu cha mkono wangu, ndipo atoe neno la posa."

"Na mimi je? Ulidhani nitajuaje? Ijumaa watu wa Anuar wanajibiwa!"

"Anuar nani?" Uso wa Hamad ulibadilika.

Ulfat alilia, na katikati ya kilio akaanza kucheka. Alipenda sana, na alikasirika sana, na hakuweza kutenganisha. Akaubonyeza kwa kidole mkate uliotoka motoni. Ulikuwa mgumu.

"Umeukanda?"

"Kidogo."

"Hamad."

"Nimeukanda sana. Nifundishe, nijaribu tena."

"Sikufundishi. Ukiujua huu utataka ujue na biriani, na hadi hapo mimi nishaolewa na mwengine. Lete huu huu."

Ijumaa baada ya sala, Bi Sichana aliingia Malindi na bakuli limefunikwa kawa. Bi Amne aliliinua kwanza akaiona alama yake chini, ndipo akakata kipande cha mkate. Ulfat alikuwa nyuma ya pazia, kanga imo mdomoni. Mama yake alitafuna. Akaendelea kutafuna.

"Ulfat, lete maji."

Aliyanywa yote, akaweka gilasi chini taratibu.

"Nani kapika hiki?"

"Mwenye kutaka kuoa, bibi," alijibu Bi Sichana, macho chini.

Bi Amne alilitazama bakuli, akalitazama pazia lililokuwa likitikisika.

"Basi na aoe upesi," akasema, "kabla hajapika tena."