Mkono wa Yoramu Nje ya Dirisha

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende akaiulize barabara ya Makambako yenyewe.

Enzi za Mwingereza, Yoramu alikuwa dereva wa lori la magome ya miti ya miwati, kijana wa kofia ya kaki, nywele kazichana njia. Siku ya gulio Makambako alikanyaga dimbwi, tope likaruka mpaka kwenye gauni jeupe la Dorika, binti aliyeuza viazi vya kuchemsha.

"Bwana dereva, leseni ulipewa au uliiokota?"

"Nilipewa, dada. Nisamehe, nitalifua mwenyewe."

"Kwa mikono hiyo ya grisi? Nunua viazi uende zako."

Akanunua kapu zima. Mvua zilipokatika walikuwa wakiitana mpenzi, na Yoramu ameahidi kutuma mshenga. Mwalimu Ezekia naye alikuwa akimmendea Dorika, lakini binti alimwomba baba yake asimkubalie mtu kwanza.

Ndipo ikaja amri: madereva wote, hata wenye leseni, warudi Njombe kufundishwa upya. Yoramu alikwenda kwa aibu. Huko wakakaririshwa ishara za mkono, maana malori yale hayakuwa na taa za kukatia kona. Mkono dirishani ukiunyosha, unakwenda kulia, ukiuzungusha, kushoto, ukiupandisha na kuushusha, unapunguza mwendo.

Dorika akapanda basi kwenda kumwona, khanga mpya, viazi mkobani. Ukungu wa asubuhi ulikuwa ndio unainuka. Akamkuta Yoramu anapita sokoni na lori taratibu, mkono nje, unapanda na kushuka, na wanawake wa soko zima wanampungia.

"Yoramu, unawapungia wake za watu?"

"Napunguza mwendo, mpenzi."

"Mwendo unapunguzwa kwa mguu, hata mimi najua. Mshenga wa Ezekia anakuja Jumapili, na sitamzuia tena."

Akapanda basi lile lile. Yoramu naye akalitangulia kwa lori, akaendesha kinyumenyume kutoka Njombe mpaka Makambako, uso kwa uso na Dorika, akimwonyesha ishara moja moja. Walipofika kona, dereva wa basi, mzee wa kanisa asiyeinua macho kwa mwanamke, naye akatoa mkono akauzungusha. Dorika akaangua kicheko.

"Na ishara ya kuoa ni ipi?" akauliza aliposhuka.

"Hiyo hawakutufundisha."

"Basi nipe huo mkono."

Hapo ndipo ningeishia, lakini kilabuni nilipokuwa nikisimulia alikuwepo Tabea, binti yao, akanikatiza.

"Baba mdogo, lori lile halikuwa hata na gia ya nyuma. Mama alitoka Njombe kwa miguu, amenuna, baba anamfuata polepole na lori, mpaka kiatu kikamkatikia. Baba akashuka akamvalisha viatu vyake, yeye akaendesha peku. Mama alipopanda alisema, 'Haya, nifundishe huo mkono.'"

Kilabu kizima kikanigeukia. Pombe ya ulanzi ya siku ile nililipa mimi, na kikombe cha kwanza nilimpa Tabea.