Watu Kumi na Tisa

Siku ile ya soko Latifa aliteremka Lushoto kwa basi la alfajiri, na hadi saa saba mchana alikuwa hajatia kitu tumboni. Raba zake zilijaa udongo mwekundu hadi kwenye kamba, mtandio wake wa zambarau ulikuwa umekunjamana. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, akiwauliza watu maswali ya taasisi moja ya utafiti, kuanzia mifugo hadi siasa, na wiki tatu za kupanda na kushuka milima zilikuwa zimemmaliza. Alijibana kwenye benchi la mama lishe, akaagiza wali maharage. Mwanamume aliyekaa mbele yake, mwenye koti la kaki na ndevu zilizochongwa vizuri, aliomba pilipili.

Sauti ile aliijua kabla hajainua macho. Ilikuwa inaongea katika redio ya kila nyumba aliyoingia jioni.

"Wewe ni Fanueli, wa kipindi cha jioni."

"Na wewe ndiye unayewauliza watu wana mbuzi wangapi," alijibu, akitazama kitambulisho kifuani pake. "Shangazi yangu ulimchosha. Mimi niulize tu. Sina mbuzi, na mke sina."

Latifa alicheka, akashangaa kwamba nguvu za kucheka bado alikuwa nazo.

Tangu hapo Fanueli alimpigia simu kila alipomaliza kipindi. Alimwita daktari wa maswali; Latifa alimwita bwana sauti. Jumapili walikutana mjini, wakatembea hadi miguu ikauma. Fanueli alikuwa Mlutheri wa Mlalo, Latifa Mwislamu wa njia ya Mtae, na wote wawili walijua nyumbani kutakuwa na maneno. Hayo waliyaahirisha.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Sokoni, kwenye vijiwe, hata msibani, watu walibishana ni chama gani chenye wafuasi wengi wa siasa kali, wale wanaosema mpinzani afukuzwe kijijini. Kila upande uliapa ni upande wa pili. Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Jioni moja, mgongo ukimuuma, Latifa alimweleza Fanueli kwenye simu alichokutana nacho. Katika kijiji kimoja, wafuasi kumi na tatu wa chama fulani kati ya kumi na tisa walikuwa wamekubali kwamba asiye wao ahame.

"Lakini ni watu kumi na tisa tu, Fanu. Tena niliwauliza kiongozi wao akiwa amesimama hapo hapo. Usiende nayo popote."

"Nimekusikia, mpenzi. Pumzika."

Kesho yake Latifa alikuwa jikoni kwa bibi mmoja, akimuuliza habari za mahindi, redio iliposema kwamba utafiti uliofanyika wilayani umeonyesha karibu asilimia sabini ya wafuasi wa chama kile wanaunga mkono siasa kali. Bibi alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilijua hilo siku zote. Latifa alifunga kishikwambi kabla maswali hayajaisha.

Siku tatu baadaye, mjomba wake Amiri, aliyemlea na aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama kile, alipigwa jiwe akitoka kwenye kabichi zake. Akashonwa nyuzi kumi na moja. Ni mtu ambaye hata mbwa wa jirani hakuwahi kumfukuza. Wiki hiyo hiyo msimamizi wa Latifa alikuja kuchukua kishikwambi, kwa kuwa majibu ya watu yalikuwa yametoka nje.

Fanueli alipopiga simu, Latifa alipokea mara moja tu.

"Kila mtu alikuwa anasema lake hewani, Latifa. Mimi angalau nilikuwa na takwimu."

"Hukuwa na takwimu. Ulikuwa na mimi nimechoka."

Akakata. Zilizofuata hakupokea. Alirudi kwa mjomba, akawa anambadilishia bandeji na kupalilia. Majirani walipita bila kusalimia.

Baada ya majuma mawili, Fanueli alisema redioni kwamba utafiti ule haukuwepo. Alikiri kwamba alichukua maneno ya watu wachache kutoka kwa mtu aliyemkataza kuyatumia. Chama kipi kina watu wengi wa namna ile yeye hajui, na wote waliopiga simu kwenye kipindi chake hawakujua pia. Kesho yake kipindi alipewa mwingine.

Fanueli alifika kwa Amiri kwa miguu, koti limelowa ukungu.

"Shikamoo mzee."

Amiri alimtazama kuanzia viatu hadi ndevu. "Marahaba," alisema mwishowe. Akamsikiliza akiomba radhi, kisha akamwambia kwa Kishambaa, taratibu, kwamba kidonda kinapona. Lakini neno lile la kwanza la redioni walilisikia wote, na hili la pili, la kukanusha, wamelisikia wachache. Akamwonyesha kwa kidevu njia ya mtoni.

Latifa alikuwa anaosha karoti. Fanueli alikunja suruali, akachuchumaa, akaanza kuosha naye. Maji yalikuwa baridi ya kuuma.

"Sijakusamehe yote," alisema Latifa.

"Najua. Nataka kuleta wazazi wangu kwa mjomba wako."

"Kanisani kwenu watasema nini?"

"Watasema mengi. Na huku kwenu pia."

Latifa alizungusha karoti mkononi hadi ikang'aa. Alimpenda bado, na hilo nalo lilimchosha.

"Wazazi wako waje kwanza wamjulie hali mjomba. Wakae, wanywe chai, watu wawaone. Mengine tutayazungumza nikishapumzika."

Wakabeba gunia, kila mmoja upande wake. Katikati ya mlima walikutana na mama Scholastica, jirani ambaye hakuwa amewasalimia watu wa nyumba ile tangu siku ya redio. Aligeuza uso. Fanueli alitua upande wake wa gunia, akasimama pembeni kumpisha.

"Shikamoo mama. Mimi ni Fanueli, yule wa redioni. Nilisema uongo."

Mama yule alimtazama, kisha akamtazama Latifa, muda mrefu.

"Marahaba," alisema. Kisha, kama anayevuta kitu kizito, "Latifa, Amiri anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mama," alijibu Latifa, akashika tena upande wake wa gunia.